Kikohozi Nilichokitunga

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nadhifu amerudi kazini. Wiki tatu hakuwepo, kwa kile ambacho karatasi ya daktari ilikiita uchovu wa akili. Akili ipi, sijui. Amerudi mashavu yamejaa, ngozi inang'aa, na ana chupa ya maji yenye mistari ya kumwonyesha kila saa anywe kiasi gani. Tunamwita Nadhifu kwa sababu katika karakana yetu nzima ya meno ya bandia, aproni yake peke yake haina doa. Mimi nikipita tu kando ya gunia la plasta natoka kama niliyefufuka.

Mkuu wetu alitukusanya akatuambia tuzungumze na Nadhifu taratibu, tusimharakishe, tusimpigie kelele. Kisha akampa benchi la dirishani. Benchi hilo nimelingoja miaka tisa. Mwanga wa asubuhi unaangukia pale pale, rangi ya jino unaiona ilivyo, si kukisia chini ya taa kama nifanyavyo mimi. Mama yangu nilimzika Oktoba siku ya Alhamisi, na Jumamosi nilikuwa kazini nachonga magego. Nani alinisogezea hata kigoda?

Nimeamua. Na mimi nitachoka akili. Nitachoka kuliko yeye.

Nimemwambia mke wangu kwamba mwezi huu huenda nikaugua. Akaniangalia, akasema mbona naumwa tangu Oktoba. Nimemwambia hajui mipango. Mwanamke mzuri, ila mambo marefu hayaoni.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nadhifu alipokwenda chooni nikafungua droo yake na kusoma kijikaratasi alichopewa na mshauri wake. Kuna orodha ya dalili. Nimezipitia moja moja kwa kalamu.

Kukosa usingizi, ndiyo. Kusahau, ndiyo: wiki jana nilimtengenezea mteja meno ya juu mara mbili, ya chini hakuna. Kusaga meno usingizini, ndiyo. Nimejitengenezea kinga ya mpira ya kulalia nayo na nimeshazitafuna mbili. Kulia bila sababu, hapana, mimi ninayo sababu, ni vumbi la plasta. Hasira za ghafla, hapana, na anayeniuliza swali hilo sijui ananitafutia nini.

Kwa hiyo dalili ninazo karibu zote. Shida ni kwamba ni za kawaida. Hakuna atakayekupa dirisha kwa kusahau meno ya chini. Nahitaji dalili nzito, isiyopimwa kwa kipimo chochote.

Nimeipata wakati wa chakula cha mchana. Marehemu mama alikuwa hapigi hodi. Alikuwa anakohoa. Mara mbili fupi, mara moja ndefu, halafu anasimama nje ya chumba anangoja aambiwe karibu. Hata humu, nyumbani kwa mwanawe, miaka sita aliyokaa nasi, hakuwahi kuingia chumba chenye mtu bila kukohoa. Basi nitasema ninamsikia. Nani atabisha? Marehemu haitwi kutoa ushahidi.

Jioni nimefanya mazoezi kwenye kioo: uso wa mtu aliyesikia kitu. Mke wangu akauliza kama jino linauma.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeshinda!

Mshauri ni binti wa umri wa mpwa wangu. Ananiita baba. Chumba chake kina viti viwili vinavyofanana, boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na saa ya ukutani inayomtazama yeye, si mgonjwa. Nilikaa, nikainamisha kichwa kama nilivyojifunza, nikasema namsikia marehemu mama anakohoa.

Hakushtuka. Akauliza kikohozi kinatokea wapi. Hilo sikuwa nimeliandaa. Nikasema koridoni, kati ya jiko na chumba cha nyuma alichokuwa akilala. Akauliza saa ngapi. Nikasema saa kumi alasiri, nikaona ni saa nzuri, haina makelele. Akauliza baada ya kikohozi kunatokea nini. Nikasema hakuna kitu, haingii. Akauliza kwa nini haingii. Nikamjibu, "Anangoja nimwambie karibu."

Hiyo haikuwamo kwenye mpango. Ilitoka tu. Nikaomba maji, na nadhani maji yale ndiyo yaliyomaliza kazi, maana aliandika muda mrefu bila kuinua kichwa.

Nimepata wiki moja kuanzia kesho kutwa. Nikirudi Alhamisi ijayo tutaona kama ataongeza. Nimepewa na masharti: kutembea dakika ishirini kila siku, kula asubuhi, kuandika shajara hii, na kumweleza ninayeishi naye, ili kikohozi kikija nisiwe peke yangu.

Hilo la mwisho ni usumbufu. Itanibidi nimdanganye mke wangu pia, kwa ajili ya utaratibu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nilimweleza mke wangu jioni, tukinywa chai. Nilitumia sauti ya chini. Nikasema mama watoto, kuna jambo, usiogope, huwa namsikia mama anakohoa koridoni, saa kumi.

Akaweka birika mezani.

"Kumbe na wewe?" akasema.

Nikamwuliza na mimi vipi. Akasema yeye anamsikia tangu Novemba. Mara mbili fupi, mara moja ndefu. Alikuwa hajaniambia kwa kuona nina mzigo wa kutosha. Akisikia, anasema karibu, mama, na kuendelea na shughuli zake.

Nilicheka sana. Yeye hakucheka. Nikamwuliza kama ni hivyo mimi kwa nini sijasikia miezi yote hii. Kidogo nijiumbue. Nikajirekebisha haraka: kwa nini sikuwa nasikia zamani. Akasema siku za kazi saa kumi siko nyumbani. Nikamwuliza na Jumapili je. Akasema Jumapili ikikaribia saa kumi huwa nawasha redio kwa sauti kubwa, kila wiki, tangu msiba.

Sikumbuki hilo. Napenda redio, basi.

Nimelifikiria jambo hili na nimelielewa. Amegundua mpango wangu na ananifanyia mzaha. Tatizo moja tu: miaka ishirini na sita ya ndoa, mke wangu hajawahi kufanya mzaha.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku ya kwanza ya likizo. Nimekula asubuhi kama nilivyoagizwa, mara mbili.

Matembezi ya dakika ishirini niliyaelekeza karakanani, nione nani amekaa benchi langu. Nilisimama nyuma ya kichaka kilicho chini ya dirisha. Nadhifu alikuwa ameacha kazi, ameshika jino moja la mbele kwa koleo, anatazama nje tu. Akaniona. Akanipungia mkono polepole, kama mtu anayeaga meli. Mkuu naye akaja dirishani kuona anapungiwa nani. Nikafumba macho na kuvuta pumzi kwa nguvu, nikaitoa kwa kuhesabu. Mkuu akaniambia vizuri, endelea hivyo hivyo, ila nisikanyage maua.

Nilirudi saa tisa na nusu na mtego wangu. Nilikuwa na mfuko wa plasta ya kazini. Nikanyunyiza unga wake koridoni kote, kuanzia mlango wa jiko hadi mlango wa chumba cha nyuma, laini kama poda. Mke wangu akijipenyeza kukohoa, nyayo zake nitazipima kwa rula. Kisha nikakaa sebuleni, mlango wazi, redio nimeizima.

Saa kumi na dakika chache mke wangu alikuwa uani, anaanika mashuka. Nilikuwa namwona dirishani, mikono yote miwili juu, vibanio mdomoni.

Kikaja. Mara mbili fupi. Mara moja ndefu.

Kilitokea koridoni, kwa urefu wa mtu mfupi aliyejiinamia kidogo.

Mke wangu akatoa vibanio mdomoni, akasema kule kule uani bila kugeuka, "Karibu, mama." Akaendelea kuanika.

Nilipotoka kutazama, unga ulikuwa safi, hauna alama. Isipokuwa ukutani, karibu na swichi ya taa, mahali mama alipozoea kushika akisimama. Pale ukuta ulikuwa na vumbi jeupe lenye umbo la kiganja. Huenda nililipaka mwenyewe wakati wa kunyunyiza. Nililipaka mwenyewe.

Ni mabomba. Nyumba kuukuu, mabomba yanajaa hewa. Kesho nitamwita fundi.

Baadaye mke wangu alikuja na ndoo na kupiga deki koridoni kabla sijamzuia. Plasta ikipata maji inakuwa jiwe. Naijua kazi yangu. Hili la leo nalo nimelifanya vizuri.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimekwangua sakafu kuanzia saa moja hadi saa nane, kwa magoti na patasi. Mke wangu alikuwa akiniletea maji na kuondoka bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema.

Fundi bomba alifika saa tisa. Mtu mnene, mchangamfu, ana mfuko wa spana na desturi ya kuyasemesha mabomba. Aligonga hapa, akasikiliza pale, akapanda juu, akashuka, akasema mzee mabomba yako yana afya kuliko mimi. Nikamwambia angoje kidogo, yana sauti fulani huja saa kumi. Akakaa na mimi jikoni.

Saa kumi kikaja.

Nikamtazama. Alikuwa anafunga mfuko wake. Akasema kwa huruma tu, kama mtu yeyote, "Bibi huyo mpeni maji ya moto. Kifua hicho si cha kuchezea."

Nikamwambia hakuna bibi humu ndani.

Akachungulia koridoni, akaona sakafu iliyokwanguliwa, patasi, na chumba cha nyuma kilichofungwa kwa kufuli. Akanitazama mimi. Akasema amekumbuka kuna mtu anamngoja. Aliondoka kwa mwendo ambao mtu mnene hautumii bila sababu.

Nimeona tabasamu la mke wangu, dogo. Amesema sasa walau hatuko wawili tu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Sikulala. Kinga ya tatu nimeitafuna.

Nimewaza kumrudia mshauri na kusema ukweli: kwamba nilikitunga kikohozi, kisha kikaja. Lakini ningeyasema maneno hayo kwa sauti, hata mimi nisingejipa ruhusa ya kwenda nyumbani.

Saa tisa alikuja Nadhifu, na matunda kwenye mfuko. Nilijua mara moja amekuja kunipeleleza, apeleke habari kwa Mkuu. Nikamkaribisha kwa unyonge wa hali ya juu. Nilikuwa na hesabu yangu: akae hadi saa kumi, asikie, atoke mbio, awe shahidi wangu.

Alisema amekuja kunifundisha kupumua. Tukapumua. Ikafika saa kumi. Kikohozi kikaja karibu zaidi kuliko siku zote, pale pale penye pazia la mlango wa sebule. Mke wangu akasema karibu kutoka jikoni. Mimi nikamgeukia Nadhifu nione uso wake.

Hakusikia kitu. Alikuwa bado anahesabu pumzi. Wa kwanza asiyesikia, na nikajikuta nimechukia kwa niaba ya mama. Mama amekuja kumsalimu mgeni, mgeni anahesabu namba.

Lakini Nadhifu aliona uso wangu mimi. Akaacha kuhesabu. Akanishika mkono, mkono mkavu, msafi, hauna plasta hata chini ya kucha. Akasema, "Kaka, mimi zile wiki tatu sikupumzika. Nilikaa sakafuni bafuni. Mke wangu alikuwa ananiletea chakula mlangoni kama paka."

Nikamwambia mbona amerudi amenenepa. Akasema ni dawa, zinavimbisha uso. Nikamwuliza na benchi. Akasema hakuliomba. Alimwambia Mkuu tu kwamba akikaa kuelekea ukutani anasahau kama mlango upo, na Mkuu akampa dirisha. Akaniuliza kama nalitaka. Alikuwa anauliza kweli.

Nilimwambia nitalifikiria.

Alipoondoka nilikaa na yale matunda. Nimeona jambo moja kuhusu mtu yule: hata kwenye mateso anataka kuniongoza. Ila mkono wake sikuuondoa haraka. Naandika hapa kwa kuwa masharti yanasema niandike yote.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mke wangu amesema neno asubuhi ambalo limenikaa kifuani. Amesema yeye anamkaribisha kila siku, lakini ameshaelewa kwamba yule hakohoi kwa ajili yake. "Mimi nikimwambia karibu anabaki palepale. Anakungoja wewe."

Nikamwambia aende akamsalimu dada yake. Mshauri alisema nisiwe peke yangu, lakini mshauri hajui kuna mambo mtu hawezi kuyafanya akitazamwa.

Hili sijamwambia mtu. Mwishoni mwa Septemba nilileta kazi nyumbani. Meno ya bwana harusi mmoja, yalitakiwa kesho yake. Nilikuwa sebuleni, nta iko motoni, koleo mkononi. Mama akakohoa nje ya pazia. Nikasema subiri kidogo, mama, nta itaganda. Akasema haya. Nikaendelea. Niliyaona yale meno yanatoka vizuri, nikasahau dunia. Nilipotoka, saa moja na nusu ilikuwa imepita. Hakuwapo koridoni. Alikuwa amerudi chumbani kwake, amelala na viatu. Mke wangu aliniambia alimkuta ameegemea ukuta penye swichi, akamwongoza kitandani. Siku ya pili hakuinuka. Hakuwahi kuniambia alitaka kusema nini, na mimi sikuuliza, kwa kuona nitamchosha.

Nimefanya kazi na kalibu za meno, zile chapa za kumiminia plasta, miaka thelathini, zimejaa rafu nzima. "Karibu" moja tu ndiyo iliyonishinda.

Saa kumi nilikaa sebuleni, mgongo wima, neno liko tayari ulimini. Nilikuwa nimelirudia tangu saa nane. Kikohozi kikaja. Mara mbili fupi. Mara moja ndefu.

Nikafungua mdomo. Likatoka, "Subiri kidogo, mama."

Sijui kwa nini. Mazoea. Koridoni pakawa kimya, kisha nikasikia kitu kidogo: nguo ikisugua ukuta, kama mtu anayejiegemeza angoje.

Mke wangu alirudi kabla jua halijatua. Alipita koridoni amebeba beseni la nguo kavu. Penye swichi aligeuka ubavu, akajibana, akasema samahani, kama anavyopishwa mtu njiani. Akaendelea mbele. Hakuona kama amefanya jambo.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Sikwenda kutembea. Kutembea maana yake ni kupita koridoni.

Asubuhi nilichungulia. Hakuna mtu. Ukuta penye swichi una joto. Niligusa na sehemu nyingine, zilikuwa baridi. Mke wangu naye akagusa, akasema sasa umemsimamisha usiku kucha. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya mtu aliyeona aibu mbele ya mgeni.

Nikamweleza yote ya Septemba. Nta, bwana harusi, saa moja na nusu. Alijua nusu yake. Nikamweleza hata mpango wangu, jinsi nilivyokitunga kikohozi ili nipate likizo na dirisha. Alisikiliza, akasema, "Hukukitunga, baba watoto. Ulikuwa unakisikia. Ulikuwa unakizibia redio."

Saa kumi tulikaa wote wawili sebuleni. Hakikuja kikohozi. Kwa nini kije, alikuwa ameambiwa asubiri. Mke wangu akanigusa goti.

Nikasema karibu, mama. Sauti haikutoka. Nikasema tena.

"Karibu, mama. Ingia. Nimemaliza kazi."

Pazia la mlango lilikaa vilevile. Hatukusikia hatua. Lakini kile kiti chake cha ukindu kilichoko pembeni, ambacho hatujakikalia tangu Oktoba, kikatoa mlio mdogo, kama kinavyolia mtu anapojishusha juu yake taratibu. Nikainamisha kichwa, na safari hii sikuwa nimejifunza kwenye kioo. Nikamwambia anisamehe, nilikuwa na nta mkononi. Nikamwambia yale meno yalitoka mazuri. Sijui kwa nini nilimwambia hilo. Alipenda kusikia kazi imetoka nzuri.

Nililia. Hakukuwa na plasta chumbani.

Mke wangu akaenda jikoni akarudi na vikombe vitatu vya chai. Viwili tulikunywa. Cha tatu kilipoa bila kuguswa, nami nikashukuru, maana sijui ningefanyaje kama kingeguswa.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimelala hadi saa mbili asubuhi. Kinga ya meno iko nzima. Taya haliumi, kitu ambacho nilikuwa nimesahau kwamba taya linaweza kufanya.

Nimetembea dakika arobaini. Nimewasalimia watu ambao hawanidai salamu. Tumefungua chumba cha nyuma, tukafungua na dirisha, tukakunja nguo zake. Mke wangu amechukua kanga mbili, mimi nimechukua miwani. Saa kumi ilipita tukiwa humo ndani. Tuliisikia saa ya jirani ikigonga, basi, hatukusikia kingine. Tulitazamana. Mke wangu akasema amekaa, huyo, ameridhika.

Nimejisikia mwepesi siku nzima. Nikawaza kumwambia Nadhifu abaki na dirisha lake. Nikawaza kuwa mtu wa namna nyingine.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimekwenda kwa mshauri. Nilimweleza yote kwa moyo mweupe: kikohozi, Septemba, kiti, chai. Alifurahi mpaka akaweka kalamu chini. Akasema, "Baba, umefanya kazi kubwa ambayo watu wengi hawaiwezi." Nikajisikia vizuri sana. Kisha akasema kwa hiyo Jumatatu naweza kurudi karakanani.

Jumatatu.

Sikuwa nimeliona hilo likija. Ninayo nafuu ya siku mbili tu, na ndiyo kwanza nimeanza kuifaidi. Matembezi yangu, usingizi wangu, mkate wangu wa saa tatu. Nikamwuliza kama hakuna uwezekano wa wiki moja zaidi.

Akanitazama vizuri, akasema, "Baba, si lazima umsikie mtu ndiyo upumzike. Ukiwa umechoka, niambie umechoka. Inatosha. Nitaandika."

Nikaona wazi kwamba huo ni mtego. Hakuna ofisi duniani inayotoa likizo kwa sababu mtu amesema amechoka. Nikafikiri haraka. Safari hii nikachagua kwa uangalifu: asiwe ndugu, asiwe marehemu wetu yeyote, asiwe mtu anayenihusu hata kidogo. Nikamwambia mama ametulia, ni kweli, lakini tangu jana kuna mwanamume. Simjui. Mrefu, viatu vyake vimelowa maji, anaingia bila kubisha hodi na kusimama miguuni pa kitanda.

Kalamu ikarudi mkononi. Akauliza anataka nini. Nikasema hajasema. Akauliza kama namwogopa. Nikasema kidogo, nikakohoa kwa unyonge. Akanitazama muda mrefu, kwa masikitiko nadhani, kisha akaandika wiki mbili na kuniomba wiki ijayo nije na mke wangu.

Wiki mbili! Na nimefanya bila hata kioo.

Nilirudi nyumbani saa tisa hivi, jua kali, barabara kavu inapauka. Nilimkuta mke wangu amepiga magoti na tambara, anafuta sakafu kuanzia mlango wa mbele hadi chumbani kwetu. Akaniuliza, bila kuinua kichwa, mtu mzima na akili zangu nimewezaje kuingia na viatu vinavyochuruzika maji, nikafika mpaka miguuni pa kitanda, nikasimama pale hadi dimbwi likajaa, kisha nikatoka tena bila hata kumsalimu.

Nikatazama viatu vyangu. Vikavu, vina vumbi.

Nikamwambia samahani, ni mimi, sitarudia. Nikachukua tambara lingine, nikamsaidia kufuta. Nyayo zile ni kubwa kuliko zangu kwa vidole vitatu. Zinaingia. Zinazotoka sijaziona.

Lakini nisilikuze jambo. La muhimu ni kwamba likizo ipo. Wiki mbili nazo si nyingi, zitakwisha kabla sijakaa sawa. Nafikiri Alhamisi ijayo mwanamume yule nitamwongezea mwenzake.